Mlango mmoja watosha: jibu kwa mama wa Langoni

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kiume ana miaka 5, yuko PP2, darasa la pili la chekechea, na wa kike ana miaka 3. Tunakaa Langoni, hapa Lamu. Ndugu yangu aliye Nairobi kila Jumamosi huwapeleka wanawe kwenye maonyesho ya picha na muziki, kisha hunitumia picha zao. Huku kwetu sioni pa kuwapeleka wangu. Niliwahi kuwatia makumbusho. Mdogo akalia, mkubwa akakimbia huku na huku, tukatoka. Mama mkwe naye hataki kusikia habari za muziki. Je, wadogo kama hawa wanafaidi chochote kweli? Na kama wanafaidi, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Wanafaidi, tena sana, ila mtoto wa miaka mitatu hana haja na kitu kinachoitwa sanaa. Yeye ana haja na tundu la kutia kidole, ngozi ya ngoma inayotetemeka, harufu ya mbao mbichi, na mtu mzima asiye na haraka. Hivyo vyote mji wako unavyo. UNESCO walipoutia Mji Mkongwe wa Lamu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, walichokithamini ni nyumba hizihizi, milango hii na vichochoro hivi unavyopita ukienda sokoni. Ndugu yako wa Nairobi analipa nauli kuifuata sanaa. Wewe unaipita na kikapu.

Siku ile ya makumbusho watoto wako hawakuwa na neno. Uliwaingiza katika nyumba nzima ya vitu, vingi viko nyuma ya vioo, vyote havishikwi, na pengine ulitaka muone kila chumba kwa kuwa mlishalipa. Hata mtu mzima hutoka humo kichwa kinamzunguka. Kwa umri wao kanuni yangu ni moja na siilegezi: safari moja, kitu kimoja. Mkishakiona, nendeni mkanywe sharubati.

Anza na mlango. Usichague ule ambao watalii hupanga foleni kuupiga picha. Chagua wa karibu na kwenu, ambao mwenyewe mnajuana, msije mkaonekana mnachungulia nyumba ya watu. Piga hodi, omba ruhusa, eleza kuwa watoto wanataka kuangalia nakshi. Sijaona mzee wa Lamu aliyekataa. Shida itakuwa kuondoka kabla hujaletewa kahawa.

Mwonyeshe mkubwa sehemu zake: kizingiti juu, miimo ya kulia na kushoto, mbao mbili zinazofunguka, na ule mfaa uliosimama katikati kufunika zinapokutana. Mdogo usimwambie hayo. Mwambie tu, "Nitafutie ua." Akilipata, mshike mkono afuate ukingo wake kwa kidole mpaka arudi alipoanzia. Hapo ndipo somo lote lilipo. Kidole chake kimejifunza kuwa mchoro una njia, una mwanzo na una kurudi, na siku akishika kalamu atakuwa na kitu cha kukumbuka. Wa miaka mitano ana kazi ngumu zaidi: je, mwimo wa kulia ni sawa na wa kushoto? Ua lile limerudiwa mara ngapi? Kuna mahali fundi amebadilisha? Watoto wa PP2 hupenda sana kumkamata fundi "amekosea", na mara nyingi wanachokikamata ni fundi aliyeamua kufanya vingine.

Wiki ya pili rudini mlango uleule. Najua utaona ni kujirudia. Lakini mtoto ndiye anayekuomba hadithi ileile kila usiku na kukukemea ukiruka neno. Kurudia ndiko kujua kwake. Badilisha saa tu. Kama mara ya kwanza mlikwenda mchana, safari hii nendeni jua likiwa limelala, asubuhi au baada ya alasiri. Jua la utosini huufanya mlango uonekane bapa, la ubavuni hutia kivuli katika kila mfuo, na nakshi ambayo jana haikuonekana huinuka. Usimweleze hayo, ngoja aseme mwenyewe kuwa mlango "umebadilika". Akisema, muulize nini kimeubadilisha, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakotushinda sisi wazazi na walimu.

Mwenye mlango akiridhia, mkubwa anaweza kuchukua chapa ya nakshi: karatasi nyembamba juu ya mbao, penseli laini iliyolazwa ubavu, anasugua polepole mpaka ua linatokea. Msitumie gundi wala utepe, wala msifanye hivyo kwenye mbao zilizopasuka au zilizopakwa mafuta karibuni. Milango ya makumbusho msiiguse kabisa.

Baada ya wiki kadhaa wapelekeni kwa fundi wa kuchonga. Karakana zao ziko pwani na kando ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, milango wazi, nyundo zinasikika. Hapa ndipo Lamu inaposhinda majumba mengi makubwa ya sanaa, kwa sababu mtoto anaona kitu kikifanywa. Ataona fundi akianza na bikari na penseli, duara kwanza, halafu duara likakatwa likawa ua, halafu patasi na bobari, halafu msasa. Mwombe fundi chembe za mbao zilizoanguka. Hana kazi nazo, na kwa wanao ni hazina. Muulize pia ni mti gani, maana mbambakofi ni mzito mkononi kuliko mbao nyingi, na mtoto akishika vipande viwili tofauti atalijua hilo bila kuelezwa. Mkirudi nyumbani mpe kikombe achore duara, kisha umwache alikate atakavyo.

Makumbusho yenyewe yarudieni pia, lakini kwa ajili ya siwa peke yake, lile baragumu kubwa la kale. Mnaingia, mnakwenda moja kwa moja kwenye siwa, mnatoka. Ile ya Pate ni ya pembe za ndovu, imezidi mita 2 kwa urefu. Ya Lamu ni ya shaba. Msimamishe mkubwa karibu, muulize: ni ndefu kuliko wewe? Kuliko mama? Kuliko baba? Halafu muulize inapulizwa wapi. Karibu kila mtoto ataonyesha ncha, kwa kuwa tarumbeta alizoziona kwenye televisheni hupulizwa nchani. Siwa hupulizwa ubavuni. Mweleze kwa maneno machache kwamba zamani haikuwa ya kila mtu, ilitolewa kwa sherehe za waungwana na mambo makubwa ya mji, na sauti yake ilikuwa habari kwa mji mzima. Nyumbani apulize ngumi yake, apulize bomba la karatasi, apulize kombe kubwa la pwani kama mnalo. Midomo ikitetemeka sauti inatoka, isipotetemeka ni upepo tu, na kazi ya kuitafuta tofauti hiyo inaweza kummaliza jioni nzima. Utaomba msamaha kwa majirani.

Ile Nyumba ya Kiswahili ya makumbusho, yenye zidaka za chokaa, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu, iweke kwanza kwa mkubwa. Mdogo ataona ukuta mweupe tu. Mkubwa anaweza kuchora kidaka kimoja, akaweka ndani yake kitu anachokipenda.

Ngome ya Lamu nayo ina yake. Ilianza kujengwa mwaka 1813, ikamalizika 1821, ikaja kufanywa jela hadi 1984, na hadithi ya jela watoto hawataiacha ipite. Mimi ningewapeleka kwa ajili ya masikio. Wapige makofi matatu kichochoroni, kati ya kuta ngumu za mawe ya matumbawe. Wapige tena uwanjani Mkunguni mbele ya ngome, tena ndani ya ngome kwenye njia zilizoezekwa, halafu pwani penye upepo. Makofi ni yaleyale, sauti inakuja na sura nne. Kuta zinairudisha, uwazi unaiacha iende. Huu ni muziki kabla ya ala, na hauna ada.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Mimi si shekhe na sitatoa fatwa gazetini, na hakuna tembezi la sanaa linalostahili kuvunja amani ya nyumba. Lakini kabla hujagombana naye, muulize anachokikataa ni nini hasa. Mara nyingi ni spika za harusini, maneno ya nyimbo za siku hizi na wajukuu kukesha nje, si kila sauti. Lamu ni mji wa kasida na matari, na ndio msikiti wa Riyadha wa Habib Saleh ulioyafanya Maulidi ya hapa yajulikane pwani nzima. Na nakshi ulizoanza nazo ni maua, majani, minyororo na maumbo ya hesabu, hazina sura ya kiumbe; sioni zitakapomkwaza. Halafu mpe yeye kazi. Tumbuizo alizowabembelezea wanawe, nyimbo za michezo ya watoto alizoimba barazani, vitendawili vya magharibi, hivyo hakuna makumbusho yanayoweza kuwapa wanao. Muombe amfundishe mjukuu wimbo mmoja tu, kwa sauti yake, bila simu kurekodi. Nimeona bibi wengi wakali wakigeuka walimu kwa ombi la namna hii.

Kwa muziki wa nje, wakati bora kwenu ni mwishoni mwa Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, Maulidi yanapofanyika na ngoma zikachezwa uwanjani karibu na Riyadha, kwenu hukohuko Langoni. Kuna goma, wanaume wamejipanga na kanzu zao na bakora wakienda taratibu. Kuna kirumbizi, wawili wakipambana kwa fimbo huku ngoma na zumari vikiwachochea. Mtoto wa kiume wa miaka mitano hataondoka kwenye kirumbizi, kwa hiyo mpange mapema mtasimama wapi, nyuma na si mstari wa mbele, maana fimbo haichagui. Muelekeze aangalie mikono ya mpigaji badala ya wachezaji. Mkono upi unapiga katikati ya ngozi, upi unapiga ukingoni? Sauti nzito inatoka wapi, nyepesi wapi? Mtoto akiligundua hili ameanza kusikia ngoma kama sehemu mbalimbali, na sufuria zako za nyumbani hazitapumzika.

Zumari ni kali kwa masikio madogo. Kipimo rahisi: ikiwa inakubidi upaze sauti ili mtu aliye urefu wa mkono akusikie, rudini nyuma. Spika za harusi ni mbaya zaidi kuliko ngoma yoyote ya mkono, na kuhusu hizo niko upande wa mama mkwe wako.

Harusi zenyewe usizidharau lakini. Vugo la wanawake, wakitembea wakigonga pembe na kuitikiana, ni darasa ambalo wewe kama mama unaingia bila kuomba. Mbebe mdogo mgongoni au kiunoni, mwili wake uupate mwendo wako. Asipokwenda na pigo usimsahihishe. Kabla ya miaka minne hivi watoto wengi hawawezi kushika pigo la mwingine kwa muda mrefu. Wanapiga lao, wanakutana na lenu, wanapotea tena. Hilo ni la umri, halisemi lolote kuhusu kipaji.

Na hapa nikupe sababu ya kutoka nje badala ya kumwekea video. Mwaka 2009 watafiti wawili, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, walichapisha jaribio walilofanya na watoto wadogo wa kati ya miaka miwili na nusu na minne na nusu. Kila mtoto alipiga ngoma pamoja na mtu, kisha pamoja na mashine ya kupiga ngoma, kisha kwa kufuata sauti iliyotoka kwenye spika. Walishika pigo vizuri zaidi walipopiga na mtu. Shangazi mwenye tari mkononi, kwa hiyo, ana faida ambayo simu yako ya bei haina. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa 1 ya kioo kwa siku, na pungufu yake ni bora. Udi na taarabu sikilizeni nyumbani kama baba yao anapenda; Zein l'Abdin, yule mpiga udi mashuhuri, alizaliwa hapahapa Lamu, na ni vizuri mkubwa ajue kuwa sauti iliyofika mbali ilitoka mitaa hii.

Kuna sanaa nyingine mbili ambazo watu wa Lamu huzisahau kwa kuzizoea. Ya kwanza ni kofia. Wanaume wanaoshona kofia za vito barazani hufanya kazi ya wiki nyingi, pengine miezi, kwa kofia moja. Mpitishe mwanao kwa mshonaji yuleyule kila baada ya siku kadhaa, aone mstari umefika wapi. Hakuna njia nzuri zaidi ya kumwonyesha mtoto kuwa kitu kizuri kina muda ndani yake. Ya pili ni hina. Binti yako akae karibu na mchoraji siku ya harusi, afuate ua linavyotoka mkononi mwa bi harusi. Akitaka lake mpake hina halisi, ile ya majani. Piko jeusi lisimguse kabisa. Mara nyingi huchanganywa na dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na inaweza kuunguza ngozi ya mtoto na kumwachia alama au mzio wa maisha.

Mkubwa akiwa na hamu ya safari ya mbali zaidi, mpelekeni Matondoni kwa mashua, baba yao awepo. Huko majahazi bado yanaundwa na kukarabatiwa kwa mkono. Mkikuta mafundi wanakalafati, wanagonga pamba katikati ya mbao ili maji yasipite, mwambie afumbe macho asikilize. Nyundo mbili zikifanya kazi pamoja huwa na mpangilio wao, na mtoto aliyezoea matari atausikia. Msiende wakati wa upepo mkali wa kusi kama mdogo naye yumo chomboni. Muulize pia kama amewahi kusikia habari za FlipFlopi, jahazi lililozinduliwa hapa Lamu mwaka 2018, limetengenezwa kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa ndara kuukuu za rangi zote. Mwanangu, mtoto akishajua hilo hatazami tena takataka za ufuoni kama takataka. Jiandae kuwa na mfuko wa ndara zilizokatika chini ya kitanda.

Mkirudi nyumbani usiwaulize wamejifunza nini. Swali hilo ni mtihani, na wa miaka mitatu atakujibu "sijui" hata kama kichwa kimejaa. Weka karatasi, mkaa, udongo au mchanga mbele yao, uendelee na mapishi yako. Wa kike atachora mistari ya kuzungukazunguka, na hiyo ndiyo kazi ya umri wake. Karibu na miaka mitatu au minne watoto wengi huanza kuchora mtu mwenye kichwa kinachotoa miguu moja kwa moja, usiongeze tumbo. Usiwachoree ua ili wanakili, na yale madaftari ya picha za kupaka rangi ndani ya mistari yaache dukani.

Tamasha la Utamaduni la Lamu, linalokuja kwa kawaida mwezi wa Novemba, lisiwe safari yenu ya kwanza. Umati, punda wa mashindano, jua. Mdogo atalia tena na utaniandikia tena. Liweke mwakani, wakishajua kusimama mbele ya kitu kimoja.

Kwa mpangilio: tokeni asubuhi kabla jua halijakaza au baada ya alasiri, mdogo akiwa ameshalala na ameshakula. Dakika ishirini za kutazama zinamtosha, kumi pia si haba. Vichochoroni mtoto atembee upande wa ukutani, nawe upande wa katikati, kwa sababu punda mwenye mzigo wa mawe hasimami kwa kuona mtoto. Makumbusho beba kitambulisho, ada ya mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni. Mtembeza watalii huna haja naye. Kazi yake ni kusema, na wewe unataka watoto waseme. Simu iache mfukoni mpaka mwisho, kisha mpe mkubwa apige picha moja ya alichokipenda, hiyo ndiyo umtumie ndugu yako Nairobi. Kama baba yao yuko Ijumaa baada ya sala, anzeni Ijumaa hii. Kama hayuko, Jumamosi asubuhi nenda nao wewe mpaka kwa huyo jirani mwenye mlango, upige hodi.